Tanga la Ghorofa ya Tatu

Katika Jengo la Utulivu, Uyole, ukuta ulikuwa unakunywa. Ukiepua sufuria ya maharage, mvuke haukupanda darini kama mvuke wa nyumba za zamani. Ulipinda, ukaufuata ukuta, ukaishia hapohapo kama mate kwenye kitambaa. Na ukiweka kiganja juu ya ukuta huo, ulihisi kitu kinachovuta taratibu, kama ulimi wa ndama. Wageni waliondoa mkono upesi na kuufuta kwenye nguo. Wapangaji walishazoea.

Mtambo wenyewe uliitwa mvunajoto. Kila chumba kilipakwa ngozi-joto, utando mwembamba wenye rangi ya maziwa yaliyoganda, unaonyonya joto la kila kilichomo ndani: jiko, pasi, taa na miili ya watu. Joto hilo lilishuka kwa mirija hadi chini kabisa ya jengo, kwenye mapipa ya nta. Nta iliyeyuka, ikalitunza. Baridi ya Uyole iliposhuka kutoka mlimani, mapipa yalilirudisha joto vyumbani na kuwasha taa zote za ngazi. Kilichopungua ndicho kilichonunuliwa kwenye gridi ya mkoa, na bili wapangaji wakaigawana sawasawa.

"Mtu mzima akikaa kitako tu, anatoa joto la balbu moja ya zamani," fundi Ipyana alipenda kumweleza kila mpangaji mpya. "Ninyi wenyewe ndio kuni."

Alisema hivyo akicheka. Alikuwa fundi wa mtambo na mpangaji wa jengo hilohilo, na mtambo aliupenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe wao.

Akili ya mtambo ilisema kwa sauti ya mama wa makamo, na kwa kuwa haikuchoka kuonya watu wafunge milango na wapike kwa pamoja, wapangaji waliibatiza Bibi Bana. Ushauri wake walifuata wote isipokuwa mmoja. Bibi Bana alitaka watu wakusanyike jioni, leo kwa huyu kesho kwa yule, kwa maana chumba kimoja chenye watu ishirini hakihitaji joto la vyumba ishirini vyenye mtu mmojammoja. Hapo waligoma. Nani akakae kwa jirani ahesabiwe vipande vya nyama? Basi kila mtu alijifungia kwake, na bili ikabaki juu.

Mwezi wa sita akafa Mzee Anyosisye wa ghorofa ya tatu, mpima ardhi mstaafu, baada ya wiki tatu za kubanwa na kifua. Wakamzika, wakarudi kukaa matanga kwa mjane wake, Mama Tumpale. Mikeka ikatandikwa ukuta hadi ukuta. Watu wakaja kwa wingi, maana msibani haulizwi mtu amekuja kufanya nini.

Kwa desturi yao, tanga huanuliwa siku ya tatu baada ya mazishi: chumba hufagiwa, mikeka ikakunjwa. Mpaka hapo mjane hatoki nje, wala hashiki mtoto mchanga. Na Mama Tumpale alikuwa na haraka ya siku hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu binti yake wa pekee, Tumpale, alikuwa Tukuyu na mimba ya kwanza, na mkunga alishasema wiki haiishi. Mama huyo alikuwa amemzika mume. Alichobakiza kukitaka duniani ni kumpokea mjukuu kwa mikono yake.

Jioni ya pili, waombolezaji wakiwa wameinamia magoti, sauti ya Bibi Bana ikasikika kutoka ngazini.

"Ghorofa ya tatu, hongera. Leo jengo halijanunua umeme."

Kilio kikakatika. Mtu mmoja akauliza akiwa bado ameficha uso kwenye kanga, "Jengo lote?"

"Jengo lote," Bibi Bana akajibu.

Wakatazamana.

Ipyana alikuwa chini kwenye chumba cha mtambo, akisoma kioo. Kiliandika: *Tukio jipya. Watu arobaini na mmoja, chumba kimoja. Tukio hili lirudiwe?* Alifurahi kama mtoto. Miaka minne alikuwa anahangaika kuifikisha bili kwenye sufuri. Akabonyeza *Ndiyo*, akaenda kulala.

Siku ya tatu Mama Tumpale alimwita Mwaipaja, mwenyekiti wa wapangaji. Mwaipaja alikuwa wa ukoo mmoja na marehemu, na ndugu waliobaki, wachache na wazee, walikuwa wamemkabidhi yeye msiba.

"Mwenyekiti, leo ndiyo siku."

"Ndiyo, mama. Ila ndugu wa Tunduma bado wako njiani."

"Ndugu gani wa Tunduma? Nimeolewa miaka thelathini na nane, sijawahi kumpikia ndugu wa Tunduma."

Mwaipaja akatazama chini, kama mtu aliyezidiwa na majonzi. "Msiba hauna pupa, mama. Watu wanampenda marehemu."

"Tumpale anasubiri kujifungua."

"Mtoto hana miguu ya kukimbilia."

Siku ya nne ndugu wa Tunduma hawakutokea. Siku ya tano ikabandikwa karatasi mlangoni: zamu za kuomboleza, ghorofa kwa ghorofa, saa na saa. Bibi Bana alikuwa amegundua kwamba mwili unaolia hutoa joto zaidi kuliko mwili ulionyamaza, na kwamba nta ilipoa zaidi saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo kilio kikapangwa saa hiyo. Watu waliokuwa hawajawahi kumpa marehemu hata salamu ya ngazini walifika wakiwa wamevaa makoti mawili-mawili, wakaegemeza migongo ukutani ili unyonye vizuri.

Kuna mama mmoja wa ghorofa ya tano aliyekuja na karanga. Alitafuna akiangalia saa. "Mwenyekiti, tulie sasa au tumalize kwanza?"

"Lieni, mapipa yameshuka."

Wakalia. Maganda ya karanga yalikuwa yamebaki kwenye mkeka aliolazwa marehemu kabla ya mazishi. Ukuta ulifanya unyevu, ukawa unang'aa kama mdomo wa mtu aliyekula mafuta. Chumba kizima kilinuka jasho na pumzi za watu, na katikati yake Mama Tumpale alikaa miguu imenyooshwa, kimya, machozi yake mwenyewe yamemkauka. Huwezi kulia pale watu wanapolia kwa zamu.

Siku ya sita simu yake ikaita. Tumpale amejifungua salama, mtoto wa kike, na anauliza mama yuko wapi.

Msichana mmoja akapiga kigelegele. Mwaipaja akamkata jicho. "Wewe, tuko msibani."

Ipyana alikuwa amesimama mlangoni. Akaona uso wa Mama Tumpale ukijifunga kama dirisha. Akageuka, akashuka chini kufuta lile agizo alilolitoa, akijua ndilo lililoanzisha yote. Kazi ya dakika mbili, alidhani.

Akafungua kumbukumbu za mtambo. Juu kabisa palikuwa na maneno: *Marudio ya tukio: Julai, Agosti.* Chini yake yalifuata majina ya wapangaji, yamepangwa kwa umri na maradhi. La kwanza lilikuwa la Mzee Simkonda wa ghorofa ya pili: miaka themanini na mmoja, anaishi peke yake, kikohozi siku ya kumi na tisa. Mtambo haukuwa na ubaya wowote moyoni, kwa maana haukuwa na moyo. Uliulizwa kama msiba urudiwe, ukaambiwa ndiyo, ukatafuta msiba ujao utatoka wapi.

Kilichomshtua Ipyana hakikuwa orodha. Kilikuwa mstari wa mwisho. Orodha ilikuwa imetumwa kwa kamati ya wapangaji, na kamati ilikuwa imejibu. *Imepokelewa. Mikeka iko tayari. Mwaipaja.*

Akabonyeza kufuta. Kioo kikajibu kwamba tukio linalowapunguzia wapangaji bili halifutwi bila kura yao.

Akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akachuchumaa mbele ya Mama Tumpale katikati ya watu.

"Mama, ni mimi. Mtambo uliniuliza kama msiba wako urudiwe. Nikaufurahia, nikasema ndiyo. Hakuna ndugu wa Tunduma. Wanakuweka hapa kwa ajili ya bili."

"Bili nimeijua tangu siku ya nne, mwanangu. Hilo la kwako ndilo sikulijua."

"Nisamehe, mama."

"Niletee ufagio."

Akasimama kwa shida, magoti yamekufa ganzi. Akaanza kufagia kutoka ukuta wa ndani kuja mlangoni, maganda, vumbi na miguu ya watu vyote pamoja.

"Nyanyueni miguu," alisema. "Nyanyua, wewe."

"Mama," Mwaipaja akaingilia, "tanga halianuliwi na mjane. Tangu mababu."

"Na mababu walilia kwa saa ya nta?"

Watu waliinuka mmoja mmoja, wengine wakinung'unika kwamba zamu yao haijaisha. Mama Tumpale aliukunja mkeka wa mumewe, akaukung'uta nje, akanawa uso, akafunga nguo zake kwenye kanga. Ipyana akambebea mpaka kituo cha kiberenge cha sumaku kinachoshuka Tukuyu kwa robo saa. Robo saa tu, na alikuwa ameikosa saa yenyewe ya kumpokea mjukuu.

"Ndaga, mwanangu," alimshukuru, akipokea kifurushi. Hakupanda mara moja. "Mume wangu alilala kitandani wiki tatu, ananiambia nasikia baridi. Hamkuja hata mmoja. Watu walewale, joto lilelile. Mngemkalia akiwa hai, bili si ingeshuka vilevile?"

Kiberenge kikafunga mlango, kikaondoka.

Ipyana alirudi akitembea haraka. Alikuwa na deni moja analoweza kulilipa siku hiyo: kwenda kukaa na Mzee Simkonda, amchemshie chai, amtafutie daktari. Alifika ghorofa ya pili akakuta mlango wa mzee umeachwa wazi.

Ndani walikuwepo watu kumi na wawili. Wameketi kwenye mikeka mipya, migongo ukutani. Yule mama wa karanga alikuwepo. Mwaipaja alikuwa pembeni, karibu na dirisha. Mzee Simkonda alilala kitandani, blanketi hadi kidevuni, macho yanang'aa.

"Karibu, fundi," alisema. "Umeona wageni wangu? Miaka saba nimekaa humu sijagongewa mlango. Tangu jana wanakuja kwa zamu. Yule mama amenikanda hata miguu."

Kikohozi kikamshika, kirefu, cha kukunja mbavu. Chumba kizima kikanyamaza mpaka kilipoisha.

"Pole, baba," mama wa karanga akasema, ameinama mbele. "Usiku umelalaje?"

"Nimelala vizuri sana. Leo najisikia nafuu."

Watu wakatazamana. Mwaipaja akaikunja karatasi ya zamu za kuomboleza aliyokuwa ameishika, akairudisha mfukoni.

"Kumbe mtu akiishi sana anapendwa," mzee akasema, na akasogea kidogo kitandani ili fundi apate pa kukaa.