Usiniite Ndugu

Ulimwengu na unyamaze, makarani waweke kalamu chini! Hapa inaanza hadithi ya mapenzi makuu kuliko yote yaliyowahi kuwaka chini ya jua. Inaanzia kwenye foleni ya leseni za magari.

Fundi friji alisimama humo akitiririka jasho, sanduku la bati begani. Ndani mlikuwa na karatasi za bibi yake, aliyekuwa mwanachama wa harakati za ukombozi enzi za usichana wake: kadi, hotuba, barua, picha. Bibi alikubali ziwekwe kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa. Fundi alifika, akaona foleni, akajiunga nayo.

"Kaka, hilo sanduku unalitafutia namba ya usajili?"

Akageuka. Binti wa watu, gauni la kijani, aproni nyeupe, kibano mkononi.

"Hifadhi ya nyaraka ni mlango ule. Hapa utapewa leseni ya kuliendesha tu."

Fundi akaingia mlango ule. Moyo ulishatangulia.

Tangu hapo mafriji ya mtaa mzima yakaozesha nyama. Kila alasiri fundi alikuwa kwa binti yule, mhifadhi nyaraka, eti anasaidia. Alimtazama akichomoa pini zenye kutu na kupangusa vumbi kwa brashi laini, huku Bibi akija mara kwa mara kueleza nani ni nani pichani.

"Usizipange upya!" binti alimkemea. "Bibi alivyoziweka ndivyo zitakavyokaa."

"Na mimi je, hunitoi kutu?"

"Wewe nikikutoa kutu, hakitabaki kitu."

Jioni moja akajikaza, akampigia simu.

"Nakupenda."

Sauti ya chini kabisa ikajibu: "Nashukuru, Ndugu yangu."

Ndugu! Fundi hakungoja zaidi. "Kesho nalichukua sanduku letu," akasema, akakata simu.

Asubuhi akamwendea Bibi. "Tukalichukue sanduku. Kule hawalitunzi."

"Hawalitunzi, au hawakutunzi?"

"Ameniita ndugu, Bibi."

Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Mume wangu, mbona una kichwa kigumu hivyo? Kwenye harakati hatukuwa na mpenzi wala laazizi, sote tulikuwa ndugu. Babu yako aliniita Ndugu mkutanoni, na tukiwa wawili akaniita vilevile, ila kwa sauti nyingine. Mama yako katokana na hiyo sauti! Yule binti nilimsimulia tulipokuwa tunapanga picha. Sasa wewe, alikuita kwa sauti gani?"

Fundi alishatoka mbio, kiatu kimoja hakijafungwa.

Alikuta sanduku limeshafungwa kamba, liko mlangoni. Macho ya mhifadhi yalikuwa mekundu.

"Mzigo wenu huo. Beba."

"Sikufuata sanduku."

"Umefuata nini, basi?"

"Nikuoe, Ndugu?"

Kibano kikaanguka. Binti akajitupa kifuani pake, machozi yakimlowesha shati, akalia, "Ndiyo, nuru ya macho yangu, leo na milele!"

Aa, jamani, sikio langu linavutwa! Mhifadhi mwenyewe, ambaye ni mama yangu mzazi, alikuwa anasoma nyuma ya bega langu. Anasema hakujitupa popote, na hayo maneno ya nuru niyafute upesi. Nakiri, nimetia chumvi. Alichosema ni, "Haya, lirudishe hilo sanduku ndani, na taratibu." Baba akalinyanyua akicheka peke yake.