Kiti Ndani ya Chombo

Mstari wa kumi na saba haukuwa wake. Hamdan aliuona alipofungua chumba cha uani baada ya sala ya Alasiri, akausogeza ule ubavu wa plastiki wa chombo cha mfano alichokuwa akikiunda karibu na dirisha ili auangalie vizuri. Mchana, kabla hajajinyoosha kitandani, alikuwa amechora mistari kumi na sita kwa ncha ya sindano, ile michirizi myembamba inayoonyesha pale mabati ya chombo yanapokutana. Macho yalimchoka, akaacha. Sasa ilikuwa kumi na saba, na wa mwisho ulinyooka kuliko yote.

Hamdan alikuwa fundi wa meno ya bandia hapo Mkoani. Miaka kumi na tisa alikuwa akichonga magego na kupaka ufizi rangi, hata mtu akicheka, jirani yake asijue kama meno si yake. Mkono wake aliujua. Mkewe, Khairat, alikuwa bado skuli akisomesha. Mama yake, Bimkubwa, alikuwa ukumbini kwenye kiti chake, na hakuweza kunyanyuka.

Alijiambia kwamba alihesabu vibaya.

Chombo chenyewe kiliitwa Mwewe. Kilikuwa chombo cha kusafiria angani katika tamthilia aliyokuwa akiiangalia utotoni kwa jirani mwenye televisheni, na ukubwani akaagiza seti yake kutoka ng'ambo: vipande mia nne na ishirini ndani ya boksi. Wengine huigundisha seti kama ile wakaimaliza kwa wiki. Hamdan alikuwa mwezi wa nne, kwa sababu waliotengeneza seti walikosea. Madirisha yalikuwa mapana mno, na mabomba ya injini yalipungua mawili. Alikusanya picha za kile chombo kilichotumiwa katika kupiga tamthilia, akapima kila kitu kwa rula ya chuma, na kila palipokosewa alikata, akajaza puti, akapiga msasa, akachora upya. Khairat alimuuliza siku moja nani ataliona bomba lililo ndani kabisa. Alimjibu kwamba yeye mwenyewe atajua kama lipo.

Khairat hakumuuliza tena, maana alijua kazi ile ilianza lini. Ilianza baada ya kiharusi cha Bimkubwa. Bibi yule alikuwa msemaji; sauti yake ndiyo iliyowaamsha Alfajiri, na ndiyo iliyogombana na wauza samaki mpaka wakapunguza bei. Miaka miwili sasa upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na ulimi umekufa pamoja nao. Hamdan alimlisha uji kwa kijiko na kumfuta kidevu, na angetoa chochote asikie anamkaripia japo mara moja.

Baada ya ule mstari ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya karafuu mbichi, kali, kama iliyoanikwa majamvi kwa majamvi mle chumbani, na msimu wa karafuu ulikuwa bado mbali. Halafu ikaja sauti. Walikuwa wamekaa wote watatu ukumbini wakila cha mchana, na mlango wa chumba cha uani umefungwa kwa ufunguo, walipousikia msasa. Ulikwaruza, ukatua, kikasikika kitu kama pumzi, kisha ukakwaruza tena.

Khairat aliuacha mkono wake ndani ya sahani. "Nani yumo mle?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Hamdan akasema ni panya.

"Panya hatui akapuliza vumbi," Khairat alisema.

Siku ya pili yake Bimkubwa alisema. Hamdan alikuwa akipita mbele yake na ule ubavu wa chombo mkononi. "Dirisha la tatu limepinda," mama yake akamwambia, kwa sauti ile ile yake, nzito kidogo, yenye kuvuta maneno. Hamdan alipiga magoti akakumbatia miguu yake, akalia kama mtoto. Alipotulia akaenda kupima dirisha. Lilikuwa limepinda, kwa unene wa unywele.

Toka hapo alisema kila siku. Alimwambia Hamdan rangi ya tumboni imekoza mno, akamwambia bati la nyuma limekosewa pembe, na kila alilosema, akipima, lilikuwa kweli. Hata vitu ambavyo havikuonekana katika picha yoyote alivitaja, na Hamdan alivitengeneza bila ya kuuliza amevijuaje. Alikuwa na furaha aliyokuwa hakuipata miaka miwili. Aliimba akikoroga rangi.

Ni Khairat aliyeyaona mengine. Alimweleza mumewe jikoni, taratibu, kwamba mama hasemi lolote lisilokuwa la chombo. Haitikii salamu. Hajalitaja jina la mtu hata mmoja. Kur-ani ikisomwa redioni meno yake hukazana mpaka yakalia. Na kuna jambo aliloliona asubuhi ile, akalisubiri litokee tena ili awe na hakika, na likatokea.

"Nilikuwa nnamlisha," alisema. "Mdomo umejaa uji, anameza. Na sauti ikatoka, Hamdan, safi kabisa. Midomo yake haikuwa ikisema."

Hamdan alimjibu kwamba amechoka, akapumzike.

Akakaa na jibu hilo mpaka Jumatano ya mvua kubwa, umeme ulipokatika mji mzima, akarudi nyumbani kabla ya saa nane mchana. Kiti cha mama yake kilikuwa kitupu. Alimwita, hakuitikiwa, akaiona kanga yake imedondoka njiani kuelekea uani, na ile harufu ya karafuu ikampiga usoni kiasi cha kumtoa machozi, na chini ya kelele za mvua juu ya bati akausikia msasa, ukikwaruza, ukitua, ukipulizwa, akaenda, akausukuma mlango aliokuwa ameufunga mwenyewe kwa ufunguo na ambao sasa ulikuwa wazi, na mle ndani, katika mwanga wa kijivu wa dirishani, akamwona mama yake amesimama wima juu ya ule mguu uliokufa, na mkono ule uliokufa umeshika sindano na unachora mstari baada ya mstari juu ya mgongo wa chombo, haraka, bila ya kukosea, wala hakuwa akiangalia anachokichora, kwa sababu uso wake ulikuwa umegeuzwa nyuma kuelekea mlangoni, unamtazama yeye, na mashavu yote mawili yamerowa machozi.

Akaanguka. Hamdan akamdaka, akamrudisha kwenye kiti. Alikuwa mwepesi kama kikapu.

Jioni hiyo hiyo Khairat alimpigia simu mganga mmoja wa Msuka, Bi Saada, na asubuhi akaja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, ameshuka kwenye bodaboda na mkoba wake wa ngozi kwapani. Alimsomea Bimkubwa, akamnusisha moshi wa buhuri, akazungumza naye kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia vizuri. Kisha akaomba kuoneshwa chombo. Alikizunguka mara mbili bila ya kukigusa.

Aliwaeleza kwa upole. Mtu akikijenga chombo kwa uangalifu namna ile, kisha kikakaa bila ya mwenyewe, basi hupatikana mwenyewe. Jini lile lilikipenda chombo na ndiyo maana lilisaidia kukitengeneza. Lakini lilipoingia halikukuta pa kukaa, likamkuta bibi asiyeweza kusema wala kukataa, likamfanya yeye kiti chake.

Hamdan alijua Bi Saada anakusudia nini. Sehemu ya rubani ilikuwa bado tupu. Kiti cha seti kilikuwa kibaya na alikitupa, na kila alipotaka kuunda chengine, ile sauti ilimwambia hapo paache.

"Mpe kiti," alisema Bi Saada. "Kiwe vile kinavyotakiwa kuwa, kwa mkono wako, asikusaidie yeye. Akishakaa utafunga, mie n'takichukua nikamweke kwao. Lakini usimdanganye. Kikiwa na kosa hatokaa, atarudi kwa mama yako, na mama yako hana siku nyingi."

Hamdan alikiunda kiti kwa siku mbili. Mtu mmoja wa mtandaoni, mpenzi wa vyombo kama yeye, alimtumia picha safi ya kile kiti, na Hamdan akakichonga kwa ile plastiki ngumu anayotengenezea meno: mgongo, mikono, mikanda minne, miguu minne. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Ile sauti haikusema neno siku zote mbili. Ilisema siku ya tatu asubuhi, dakika chache kabla ya Bi Saada kufika, na safari hii haikutaja dirisha wala rangi.

"Hamdan," ilisema kutoka ukumbini. "Mwanangu. Wataka n'nyamaze tena?"

Alikaa na kile kiti kwenye ncha ya kibano. Aliyakumbuka yale machozi ya Jumatano, aliyakumbuka vizuri sana, na alijua yalikuwa ya nani. Kisha akauchukua msasa, akapunguza mguu mmoja wa kiti kwa nusu milimita, akakigundisha ndani ya chombo.

Bi Saada alisoma mpaka kanga yake ikarowa jasho. Bimkubwa akatetemeka, akatoa pumzi ndefu, akanyamaza. Hamdan akakifunika chombo na kukipaka gundi.

"Kimekamilika?" Bi Saada alimuuliza.

"Kimekamilika."

Bi Saada akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akamwambia kama lipo la kusema aliseme sasa. Hamdan alisema hakuna. Bi Saada akakifunga chombo kwa kitambaa cheupe, akaondoka nacho.

Siku mbili nyumba ilikuwa kimya, na Khairat alilala usingizi. Siku ya tatu alikuwa jikoni anakuna nazi aliposikia ukumbini sauti ya mkwewe ikimshukuru Hamdan, kwa jina lake. Alikuja mlangoni na mikono yake yote miwili myeupe kwa nazi. Alimtazama mumewe, na Hamdan akaangalia chini, na kwa hilo Khairat akajua kila kitu. Hakugombana. Alikusanya nguo zake, akamwambia kwamba angevumilia jini, lakini hawezi kulala na mtu aliyemuuza mama yake ili asikie sauti yake, akaenda kwao Mgogoni.

Hamdan akabaki na ile sauti. Ilimsimulia visa vya utotoni mwake, ikamkaripia, ikacheka. Huku nyuma mwili wa Bimkubwa ulikataa uji, kisha ukakataa maji, na macho yake hayakuacha kulia mchana kutwa hata pale sauti ilipokuwa ikicheka. Alifariki siku ya ishirini na moja. Sauti ilikatika pamoja naye. Hamdan alimzika kwa huzuni na, moyoni, kwa kitulizo ambacho hakuthubutu kumwambia mtu.

Hitma ilisomwa siku ya tatu baada ya Alasiri. Wanaume walijaa ukumbini na barazani, na Usama, jirani yake, alikaa naye bega kwa bega. Shehe alipomaliza akanyanyua mikono kuomba dua. Alimwombea marehemu msamaha, na watu wote wakaitikia amin. Hamdan naye akafungua kinywa kuitikia.

Iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye kuvuta maneno. Haikusema amin.

Mikono ya shehe ikabaki hewani. Usama akajivuta nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ukuta. Hamdan alijiziba mdomo kwa viganja viwili, akabana kwa nguvu zake zote, na chini ya viganja vile sauti ya Bimkubwa ikaendelea, taratibu, kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu na sasa anakaa vizuri.

"Kiti kino kizuri," ilisema. "Kiti kino hakina kilema."