Nepi Zilizolambwa

Nepi ilikuwa safi. Mke wa fundi bomba aliigeuzageuza juani, maana asubuhi alimvua mtoto ikiwa imejaa, akaitupa kwenye ndoo uani bila hata kuisuuza, na sasa haikuwa na doa, ila ute tu, mzito, unaovutika kama kamasi.

"Siku hizi una dobi?" mumewe alimtania.

Akacheka naye. Bomba kuu jipya la majitaka lilikuwa limefika mtaani, na mumewe ndiye aliyeunganisha vyoo nyumba kwa nyumba. Kwa watu wengine, hakuunganisha kabla shimo la choo la zamani halijafukiwa. Kwake aliunganisha tu, shimo akaliacha vilevile chini ya mfuniko wa zege, akisema atalifukia akipata nafasi.

Nepi nyingine, hivyo hivyo. Mama mkwe aliinusa, akaiachia ianguke. Akanong'ona kwamba shimo lile lina mwenyewe, jini aliyelishwa uchafu wa nyumba hii tangu yeye akiwa bi harusi, na sasa chakula chake chote kinapelekwa mbali.

"Mmemnyima," alisema. "Atakifuata kinakotoka."

Fundi akasema mama naye kwa mambo yake.

Kisha mtoto akaacha kwenda haja. Tumbo likajaa, likawa gumu kama ngoma, na kila alipopiga miayo pumzi yake ilinuka choo. Mchana mmoja mama yake alimlaza mkekani akaingia jikoni kuchukua maji, akasikia sauti ya kulamba, kama mbwa anywaye kwenye beseni, na harufu ikajaa jikoni, akatoka mbio akaona mfuniko umesogea na kutoka shimoni umetambaa ulimi, wa kijivu, umejaa nywele na mafuta yaliyoganda, umepita uani, umeruka kizingiti, umezama kinywani mwa mwanawe aliyelala, na kile kitumbo kinapanda na kushuka. Akaushika kwa mikono miwili akavuta, ukateleza, ukamponyoka, naye akafumba macho. Hakuona umekimbilia upande gani.

Siku hiyohiyo fundi alilifukia shimo, bila utani. Alimwaga kokoto, matofali yaliyovunjika, na vigae vya buluu vya bafu lao la zamani, mama yake akisoma dua pembeni. Harufu ikakata.

"Amekwenda," mama mkwe alisema. "Mnyonyeshe mwanao, mkwe wangu."

Asubuhi nepi ilikuwa nzito, inanuka hasa, na mama mtoto akalia kwa furaha, akamwita mumewe aje aone, mtoto amepata choo. Akaifungua.

Ndani ya tope jeusi mlikuwa na kokoto. Na kipande cha kigae, cha buluu.

Fundi akarudi nyuma mpaka mlangoni. Mtoto akamtazama mama yake, akafungua kinywa, akanyoosha mikono kutaka ziwa.