Toba ya Mapema

Jumapili, saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka mpira na oili chafu. Shemasi alichora mpango kwa chaki juu ya meza, akauelekeza kwa kidole, kisha akaufuta kwa kiwiko. Ushemasi wenyewe alivuliwa zamani, na kanisani walikuwa na sababu zao. Jina tu ndilo lililobaki.

"Sonara hafungui leo. Mtaa mzima uko ibadani," alisema. "Dereva anabaki kwenye gari, injini inawaka. Mafunguo anafungua mlango wa nyuma, halafu sefu. Mlinzi niachieni mimi."

"Unamfunga kamba," Mafunguo alisema.

"Si nimeshasema?"

Hakuwa amesema. Mlinzi huyo alikuwa shemeji yake Mafunguo, kaka wa mkewe, mtu aliyembeba mwanawe mgongoni hadi hospitali siku barabara zilipojaa maji. Na aliyeuza siri ya zamu zake ni yeye, Mafunguo. Wiki nzima alikuwa akijibembeleza. Sonara ni tajiri, ana bima. Shemeji atakaa na kamba nusu saa, hatapungukiwa kitu. Na Mungu si anaiona hali ya nyumbani? Hoja zilikuwa nzuri, na kila akizirudia zilizidi kuwa nzuri, ila usingizi ndio uliogoma.

"Magoti," Shemasi alisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Magenge mengine hupiga mtungi kabla ya kazi, hili lilitubu. Shemasi alishikilia kwamba toba ikitangulia, dhambi ikifika inakuta imeshafutwa. Na alitaja kila dhambi bila kubakiza, maana isiyotajwa, alisema, haisamehewi.

"Baba, utusamehe wizi huu. Utusamehe uongo tutakaowaambia wake zetu."

"Na ulevi wa jioni," Dereva alinong'ona.

"Na ulevi wa jioni. Utusamehe na damu ya asiye na hatia. Amina."

"Amina," alisema Dereva, akajipangusa magoti.

Mafunguo alibaki chini. Damu. Siku walipoiba duka la dawa Shemasi hakuitaja. Siku ya ghala hakuitaja. Shemasi hakuwahi kutubu kitu asichokusudia kukifanya. Huo ndio ukweli pekee uliowahi kumtoka kinywani.

"Goti limekufa ganzi?" Shemasi aliuliza.

"Kidogo."

Saa mbili na nusu.

Mafunguo na Shemasi walikaa pamoja kiti cha nyuma cha gari. Koti la Shemasi lilikuwa limevimba ubavuni. Mafunguo alikunja miguu, akaikunjua, akajikuna shingo pasipowasha.

"Shemeji ananijua hata kikohozi," alisema. "Akinitambua je?"

"Hatakutambua."

"Nakwambia ananijua."

"Na mimi nakwambia hatakutambua. Limeshaombewa hilo, ndugu yangu. Tulia."

Dereva aliongeza sauti ya redio. Mafunguo alijaribu kuomba kimoyomoyo, akakuta maneno yote aliyo nayo ni ya Shemasi. Aliona aibu.

Saa tatu kasoro robo.

Nyuma ya duka palikuwa na kichochoro chembamba, kuta pande zote, na mwisho wake mlango wa chuma.

"Tangulia," Shemasi alisema.

Mafunguo alitangulia. Alipiga goti mbele ya kitasa, akafungua mkoba wa vifaa. Upande wa pili shemeji alikuwa akipiga mluzi, wimbo uleule anaowapigia watoto akija kuwatembelea. Mafunguo alichomeka waya kwenye tundu, akausukuma hadi mwisho, akaukunja mpaka ukakatika humo ndani. Sasa mlango huo usingefunguka hata kwa ufunguo wake wenyewe.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Bonyeza kengele! Wamekuja kukuua!"

Mluzi ulikatika. Kengele ikalia. Nje, gari la Dereva liliondoka kwa kasi bila kuaga.

Bastola ilikuwa imeshatoka kwenye koti. "Umefanya nini, wewe?"

"Nimetubu."

"Basi vizuri. Damu nimeshaiombea."

"Uliombea ya asiye na hatia," Mafunguo alisema. "Mimi hatia ninayo, tena tele. Damu yangu hukuitaja."

Shemasi alisita. Midomo ilianza kumcheza. "Baba, utusamehe na..."

Akafumba macho. Tangu utotoni hakuwahi kuomba akiwa ameyafumbua. Mafunguo alimpiga mkono kwa mkoba wa vifaa, bastola ikaruka, akamwangukia na kumkalia kifuani.

"Shemeji?" sauti ilitoka nyuma ya mlango. "Ni wewe kweli? Wamejuaje zamu yangu?"

Angeweza kusema hajui. Jibu lilikuwa tayari ulimini, zuri kama zile hoja zake zote.

"Niliwaambia mimi," alisema. "Nisamehe."

Kitasa kilitikiswa mara moja kutoka ndani, kikagoma.

"Kaa hapohapo mpaka polisi wafike," shemeji alisema. "Halafu uniombe tena, nikikuona usoni."