Macho Mawili ya Selestina

Mnadani Karatu watu walikuwa wamebanana, mbuzi wanalia, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Selestina, fundi wa kupamba macho, alikuwa ameinama anachagua wanja, gauni la njano limemkaa sawasawa kiunoni, mara mlevi mmoja akamdaka mkono na kumvuta. Kabla hajapiga kelele, mlevi alikuwa chini, mdomo umejaa damu.

"Pole, mrembo," alisema kijana aliyempiga, akijifuta ngumi kwenye suruali ya kaki. "Naitwa Noel. Naendesha watalii kule kreta ya Ngorongoro."

"Umemuua mtu wa watu!"

"Wapi! Amelala tu. Hayo macho umepaka, au umezaliwa nayo?"

Selestina akacheka. Jamani, si alicheka! Selestina huyuhuyu, kwa vipigo alivyoona mama yake akipata utotoni, kijijini kwao Qurus, alikuwa ameapa kwamba mwanamume mwenye mkono mwepesi hamtaki hata awe malaika. Lakini ngumi ya siku ile ilipigwa kwa ajili yake, akaiona tamu. Mapenzi yana wazimu wake.

Wakapendana. Noel akipata mtandao tu, anapiga.

"Mpenzi, leo unampaka nani?"

"Bibi harusi. Kanisani wanja mwembamba wa heshima, ukumbini nitauvuta mkia mpaka karibu na nyusi. Mama yake nampaka usiochuruzika, maana yule atalia tu."

"Na siku yetu utajipakaje?"

"Acha uchokozi, baba. Hata hujaniposa."

"Nakuja Jumapili. Pete ninayo."

Jumamosi, kwaya ya kina Selestina ilirekodi video kando ya barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Wimbo ulikuwa wa kuwakemea wanaume wanaopiga wake zao. Selestina akakubali kuigiza mke. Akajipaka jicho la kushoto zambarau, akazungushia wekundu, pembeni manjano kidogo. Wanakwaya wakaguna kwa huruma. Mume wa kuigiza alikuwa Hhando, mwalimu wao wa kwaya, mtu ambaye hata kuku hawezi kumchinja. Noel hakuambiwa kitu, Selestina alitaka amshangaze video ikitoka.

Basi Noel akawa anarudi kutoka kreta. Akamwona Hhando ameinua fimbo, Selestina amepiga magoti, jicho limeharibika. Kamera na wanakwaya walikuwa nyuma ya mahindi, hakuwaona.

Hakuuliza. Alishuka gari likiwa bado linaunguruma, akamkita Hhando ngumi ya taya, meno yakaruka. Hhando akaanguka. Noel akampiga mateke ya mbavu, moja baada ya jingine.

"Noel, acha! Ni rangi! Tunaigiza!"

Hakusikia. Selestina akamng'ang'ania mkono, naye akaurusha nyuma bila kutazama. Kiwiko kikatua kwenye jicho la kulia la Selestina, akadondoka chali. Wanakwaya wakatoka mahindini wakipiga mayowe, wakamkamata Noel.

Hhando akakimbizwa hospitali, taya limevunjika. Jioni, wanakwaya walipomwachia, Noel akaenda saluni kwa Selestina, shati lina damu, akapiga magoti na pete mkononi.

"Mama, nisamehe. Nilidhani anakupiga. Nilikuwa nakutetea!"

Selestina hakuwa amenawa uso. Macho yote mawili yalikuwa zambarau. Akampa pamba yenye mafuta.

"Futa la kushoto."

Noel akafuta. Rangi ikatoka yote, ngozi ikabaki safi.

"Futa na la kulia."

Akagusa tu, Selestina akapiga kelele. Akajaribu tena polepole. Pamba ikatoka nyeupe.

"Sikukusudia, Selestina. Nakupenda, wallahi nakupenda!"

"Najua. Hilo ndilo linaloniogopesha." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Na mimi nakupenda, Noel. Nenda kamwangukie Hhando miguuni. Huku usirudi."

Noel akamkamata mkono. Aliubana kwa nguvu, bila kujijua.

"Unaniumiza," Selestina akasema.

Noel akautazama mkono wake mwenyewe, akauachia. Akachukua pete yake, akatoka. Selestina akafunga mlango kwa komeo, akalia kwa sauti mpaka jicho likazidi kuuma.