Kukuza si Kuzaa

Je, umewahi kumtazama mtu umpendaye kwenye picha, ukasogea karibu, ukasogea tena, na kadiri unavyosogea ndivyo naye anavyokukimbia? Kama hujawahi, mshukuru Mungu, kisha keti usikie yaliyompata Amoding wa Malaba.

Amoding alikuwa msichana wa Gredi ya Sita. Mama yake, Trizah, alifariki Amoding akiwa bado anajifunza kutembea, na aliyemlea ni Edinah, mdogo wa marehemu. Kila asubuhi, kabla ya shule, wawili hao walibeba uji wa wimbi hadi barabarani, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Edinah alibeba birika kubwa lililofungwa gunia ili lisipoe. Amoding alibeba ndoo ya vikombe na ndimu zilizokatwa.

"Mama uji, leo umekoroga ama umechovya tu?" dereva mmoja angeuliza kutoka juu.

"Mimi siuzi maji ya moto, boss. Ukitaka maji, mto uko hapo chini. Shuka unywe na ng'ombe."

Madereva wangecheka na kunyoosha vikombe tena. Uji wa Edinah ulikuwa mzito, na kila mtu katika foleni alijua.

Sasa kuna jambo moja dogo ambalo lazima ulijue. Kwa Wateso, mama huitwa toto. Dada ya mama naye ni toto vilevile, hakuna tofauti. Amoding alimwita Edinah toto tangu alipojua kusema. Lakini siku moja, akiwa Gredi ya Tatu, alisahau sweta nyumbani, na Edinah akamletea shuleni. Amoding alimwona langoni akapiga kelele kwa furaha, "Toto! Toto!" Watoto waliotoka sehemu nyingine, wasiojua Kiteso, waliangua kicheko.

"Ati toto! Mama mnene hivyo ni toto? Sasa nani anamnyonyesha mwenzake?"

Kuanzia jioni ile Amoding alimwita Edinah "anti". Edinah alikuwa akichekecha unga. Aliinua kichwa, akamtazama kidogo, kisha akaitika, "Naam." Akaendelea kuchekecha. Hakusema neno, wala siku nyingine hakulisema.

Picha za Trizah hazikuwepo nyumbani. Albamu ililiwa na mchwa. Kilichobaki ni diski moja ya DVD ya sikukuu ya mavuno kanisani, miaka mingi iliyopita. Trizah alikuwa ameimba na kwaya, mstari wa nyuma, pembeni kabisa, akiwa amevaa gomesi, lile vazi refu la mabega yaliyochongoka, la kijivu kwenye kioo. Katika runinga yao ya zamani, ile ndogo yenye mgongo, uso wake ulikuwa mdogo kama punje ya haragwe, lakini ulikuwa uso. Amoding aliutazama kila Jumapili. Alitaka kujua jambo moja tu. Watu walizoea kumwambia, "Una macho ya mama yako." Je, ni kweli?

Kisha nyumba moja ya wageni ilifungwa pale mjini, na Edinah akanunua runinga yao kubwa, bapa, pana kama meza. Amoding aliruka kwa furaha. Alimwalika rafiki yake Cindy aje amwone mama yake. Baba ya Cindy alifanya kazi ya kupitisha mizigo forodhani, na kwao kulikuwa na diski za Blu-ray.

Diski ikatiwa kwenye deki, ikaanza. Kwaya ikaingia. Na ule uso wa punje ya haragwe, ulipovutwa kujaza kioo kile kikubwa, ulitawanyika kama uji uliomwagika. Macho yalikuwa madoa mawili tu.

"Huyo ndiye mama yako?" Cindy aliuliza. "Ama ni nguzo ya kanisa?"

"Ni deki yetu. Ni ya zamani."

"Kwetu Blu-ray inaonyesha hata jasho kwenye pua ya mtu. Hii yenu ni ukungu mtupu."

Amoding hakulia mbele yake. Alilia baadaye, chooni, na maji ya ndoo akiyamwaga ovyo ili asisikike.

Jumamosi alienda kwa Mulama, aliyeuza vyombo vya umeme karibu na kituo cha mafuta. Juu ya rafu kulikuwa na deki nyembamba nyeusi, imebandikwa karatasi inayong'aa.

"Dada mdogo, umeona vizuri," Mulama alisema. "Hiyo inakuza picha. DVD inaingia, HD inatoka. Kwa nini ununue Blu-ray wakati hii inafanya kazi ile ile?"

Aliiwasha. Chui akatokea kwenye runinga ya duka, na Amoding aliweza kuhesabu sharubu zake. Hakuona kifimbo kidogo cha flashi kilichochomekwa ubavuni. Chui yule hakutoka kwenye DVD yoyote. Alirekodiwa kwa HD tangu mwanzo, akawekwa kwenye flashi.

"Sina pesa," Amoding alisema.

"Hapa ni mpakani, dada. Watu hubadilishana. Huna kitu nyumbani? Kitu kizuri ambacho hakitumiki?"

Chini ya kitanda cha Edinah kulikuwa na sanduku la bati. Ndani, chini ya blanketi, kulikuwa na gomesi ya hariri ya rangi ya majani mabichi, imekunjwa ndani nje na kufungwa katika karatasi. Edinah hakuwahi kuivaa, hata Krismasi. Basi haitumiki, Amoding alijiambia. Aliitia kwenye mkoba wa shule, chini ya vitabu. Mulama alikishika kitambaa kwa vidole, akakigeuza huku na huku, akatabasamu. Hakuuliza ni ya nani.

"Imetoka wapi hii?" Edinah aliuliza jioni alipoiona deki mpya.

"Cindy ameniazima."

"Mtoto mwenye moyo," Edinah alisema. "Nitamshukuru."

Amoding alitia diski. Alingoja chui. Alimpata nani? Mwanamke yule yule wa ukungu. Ni kweli, kingo za madirisha ya kanisa zilikuwa laini zaidi, na maandishi ya mwanzo yalisomeka vizuri. Lakini uso wa Trizah ulikuwa kama uliopakwa mafuta ya mgando. Madoa mawili yalibaki madoa mawili, ila sasa yalikuwa mviringo.

Alidhani deki ni mbovu. Kesho yake aliipeleka kwa fundi Wesonga, mtu wa maneno machache, ambaye mke wake alinunua uji kwa Edinah kila siku. Wesonga aliijaribu kwa diski ile, Amoding akamwonyesha mama yake, naye akaitazama mpaka wimbo ukaisha.

"Deki ni nzima," alisema. "Hivi ndivyo inavyofanya."

"Lakini kwa Mulama ilionyesha chui vizuri sana!"

"Chui wa flashi huyo. Sikiliza. Uji wenu wa asubuhi, wageni wakizidi, mama akiongeza maji, vikombe havijai?"

"Vinajaa."

"Unga je, umeongezeka?"

Amoding alitikisa kichwa.

"DVD ina nukta chache. Runinga yako ina nyingi mno. Basi deki hujaza mapengo kwa kukisia. Hukisia vizuri, siwezi kuidharau, na filamu ya kawaida utaitazama bila taabu. Blu-ray imepikwa kwa unga mwingi tangu mwanzo. Hazilingani. Aliyempiga picha mama yako alisimama mbali na kamera dhaifu. Macho hayakuingia kwenye diski, sasa mashine iyatoe wapi? Inakuza, mwanangu. Kukuza si kuzaa."

Siku ya Jumatatu foleni ilikuwa ndefu. Cindy alipita akielekea shuleni, na Edinah akamjazia kikombe.

"Kunywa, Cindy. Hiki ni cha bure. Asante kwa kumwazima mwenzako ile deki."

Cindy alifuta midomo. "Deki gani, mama?"

Edinah alimtazama Amoding. Amoding alitazama ndimu. Cindy aliweka kikombe chini polepole, akaaga na kuondoka.

Hawakuuza uji uliobaki. Walirudi nyumbani. Edinah alifunga mlango.

"Umeitoa wapi?"

"Nimebadilishana kwa Mulama."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa gomesi yako. Ile usiyoivaa."

Edinah alishika ukingo wa meza. "Gomesi ya sandukuni?"

Hapo Amoding angeweza kuomba msamaha. Lakini hofu ikikosa pa kukimbilia hugeuka kuwa ukali, nayo ilimpanda mpaka kwenye ulimi.

"Nilitaka kumwona mama yangu! Wewe huwezi kujua. Wewe umenikuza tu, hukunizaa! Hata fundi amesema, kukuza si kuzaa!"

Maneno mengine huwezi kuyaokota tena. Edinah alisimama kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto asijue aanze kufuta wapi. Kisha alipiga magoti, akavuta sanduku, akalifungua. Karatasi ilikuwa tupu. Kwenye kona kulikuwa na mshipi mpana, ule unaofungwa kiunoni juu ya gomesi. Amoding alikuwa ameusahau.

"Njoo," Edinah alisema. "Shika."

Mshipi ulikuwa wa manjano. Ulikuwa umedariziwa korongo wadogo, kila mmoja ana taji lake kichwani na jicho jeusi la uzi. Unyoya mmoja mmoja ulionekana. Amoding aliusogeza karibu na uso, akausogeza tena, na korongo hawakukimbia.

"Mama yako aliudarizi kwa mkono wake, akiwa na mimba yako. Kamera ya kanisani iliharibu rangi, ndiyo maana wewe waiona gomesi ya kijivu kwenye runinga. Ni hiyo hiyo uliyoipeleka. Nilikuwa nakuwekea wewe, uivae siku yako, ukiwa mkubwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila nilipoifungua nilimsikia akiimba. Nikawa naifunga tena. Hilo ni kosa langu, nalikubali."

Walikwenda kwa Mulama mara moja, deki ikiwa kwapani, Amoding akisimulia njiani habari ya chui na maneno ya fundi. Mulama aliwaona kwa mbali akaanza kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Mzee," Edinah alisema, "mtoto wa shule alikuletea gomesi ya hariri kwenye mkoba wa vitabu. Hukujiuliza ni ya nani?"

"Mama, biashara ni biashara."

"Na chui wa flashi, huyo naye ni biashara?"

Waliokuwa wakinunua balbu waligeuka. Mulama aliteremsha sauti. "Dada, ningekurudishia, walahi. Lakini imeshavuka mpaka. Kuna mama wa Mbale hukusanya gomesi, hukata kitambaa na kushona nguo za watoto. Sina hata namba yake. Acha hiyo deki, nitakupa nyingine kubwa."

"Sitaki kubwa," Edinah alisema. Aliiweka deki juu ya meza yake, akaiacha hapo, akatoka.

Njiani Amoding alitembea nyuma. Nyumbani alisema, kwa sauti ndogo, "Nimeiba, nikadanganya, na yale niliyokuambia ni mabaya kuliko yote. Nisamehe."

Edinah alikuwa amekaa kwenye kigoda, mshipi ukiwa magotini.

"Nimekusamehe. Lakini gomesi hairudi, na sitakudanganya kwamba itarudi. Uongo wako wa kwanza ulikuwa mdogo, ukauongezea maji mpaka ukajaza nyumba nzima. Na lingine ulijue. Kilichokosa kushikwa mwanzoni, hakuna mashine itakayokirudisha. Ukitaka kukijua, muulize aliyekuwepo. Mimi nilikuwepo, Amoding. Nilisimama kando ya kamera, nimekubeba mgongoni."

"Basi niambie. Nina macho yake?"

"La. Watu husema hivyo kukufurahisha. Macho yako ni ya baba yako. Ya Trizah yalikuwa membamba, na alipocheka, la kushoto lilifumba kabisa kabla ya la kulia." Aliushika mkono wa Amoding, akaulaza juu ya korongo. "Ila mkono wako ni wake. Kidole hiki kifupi, kucha hii pana. Ni huu huu."

Amoding aliutazama mkono wake kwa muda mrefu. Machozi yalidondokea mshipi, na Edinah hakuyazuia. Kuku aliingia, akadonoa unga uliomwagika, akatoka.

"Nami nilitaka macho," Amoding alisema. "Miaka yote hii nilitaka macho tu. Hata sikukuuliza wewe ulitaka nini."

"Mimi?"

Edinah alikunja mshipi polepole, korongo juu ya korongo, mpaka ukawa mdogo wa kutoshea kiganjani.

"Nilitaka uniite toto," alisema. "Pale langoni, wale watoto wakicheka. Nilitaka uniite mara ya pili."