Mtambo wa Gesi wa Dada Kahaso

Kadii alikuwa mwanafunzi wa Gredi ya Saba katika kijiji cha Adu. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, alikuwa na kazi yake zizini. Alijaza samadi ndoo mbili, akaichanganya na ndoo mbili za maji, akakoroga kwa mti mpaka ikalainika kama uji, kisha akaimimina kwenye mdomo wa mtambo wa gesi uliokuwa nyuma ya jiko.

Mtambo wenyewe ulikuwa mfuko mkubwa mweusi, mrefu kuliko kitanda, uliolazwa ndani ya shimo. Samadi iliyooza humo ilitoa gesi, nayo gesi ikapita kwenye bomba mpaka jikoni. Tangu ulipoanza kufanya kazi, Mapenzi, mama yake Kadii, hakukata kuni tena. Hata kile kikohozi cha moshi kilichomsumbua miaka mingi kilikuwa kimepungua.

Aliyeuweka alikuwa Kahaso, msichana wa kijiji hicho hicho aliyesomea kazi hiyo katika chuo cha ufundi. Huo ulikuwa mtambo wake wa kwanza. Siku alipoukamilisha alimwita Kadii kando.

"Ndani ya mfuko huu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho," alimwambia. "Hivyo ndivyo vinavyotengeneza gesi. Vipe samadi na maji safi kila siku. Maji ya sabuni usitie hata kidogo, yataviua. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

Lakini bomba la maji la kijiji lilikuwa mbali. Muhula ulipoanza, Kadii alichaguliwa kuingia katika timu ya netiboli, na mazoezi yalianza asubuhi na mapema. Siku moja alichelewa kuamka. Karibu na mlango aliona karai la maji ambayo mama yake alikuwa amefulia nguo.

"Leo tu," alijiambia, akayatia.

Jioni ile jiko liliwaka kama kawaida. Kadii akaona hakuna ubaya. Kesho yake alitia maji yaliyooshewa vyombo, na keshokutwa tena. Wiki mbili zikapita hivyo, naye hakukosa mazoezi hata mara moja.

Ndipo moto ukaanza kufifia. Kwanza chai ilichukua muda mrefu kuchemka. Kisha maharagwe yakakataa kuiva. Mwishowe Mapenzi alifungua jiko, akawasha kiberiti mara tatu, lisishike.

"Kadii, mtambo unautia maji gani?"

"Maji safi, mama. Ya bomba."

Mapenzi alichukua panga, akaenda kutafuta kuni. Jioni hiyo moshi ulijaa jikoni tena, na Kadii akamsikia mama yake akikohoa huku akisonga sima. Kila kikohozi kilimchoma.

Jumamosi Kahaso alikuja na mkoba wake wa vifaa. Alipaka povu kwenye kila kiungo cha bomba aone kama gesi inavuja. Hakuna kilichovuja. Alifungua, akafunga, akapima tena. Jasho lilimtoka.

Wakati huo akaingia Mzee Nzai, jirani yao. Yeye na majirani wengine watatu walikuwa wamemwahidi Kahaso kazi ya kuwawekea mitambo, ila walitaka kwanza kuona huu wa Mapenzi unavyokwenda.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, shikamoo mzee," wakaitikia.

"Marahaba. Nimesikia moto umezimika." Mzee Nzai alitikisa kichwa. "Mwanangu Kahaso, sina ubaya nawe, lakini mimi nitaendelea na kuni zangu. Na wenzangu wamenituma nikwambie hivyo hivyo."

Kahaso alikaa chini kando ya shimo. "Sijui nimekosea wapi," alisema kwa sauti ndogo. "Vipimo nilifuata kama nilivyofundishwa. Labda kazi hii siiwezi. Mama Kadii, nitautoa mtambo huu, nitafute kibarua kingine mjini."

Kadii alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alimtazama mama yake, akamtazama Mzee Nzai. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Si kosa lako, dada Kahaso!" maneno yalimtoka. "Ni mimi. Nimekuwa nikitia maji ya kufulia na ya vyombo. Nilikuwa nikiwahi netiboli. Na mama nilimdanganya."

Mapenzi alifunika mdomo kwa leso yake. Kahaso aliinuka polepole.

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili."

Kadii alitarajia kufokewa. Badala yake Kahaso alivuta pumzi ndefu, uso wake ukachangamka. "Basi ugonjwa tumeujua! Tutatoa nusu ya kilichomo, tutie samadi mpya na maji safi, halafu tungoje. Mzee Nzai, nipe mwezi mmoja tu."

Mzee Nzai alimkazia macho Kadii, kisha akasema, "Kwa ajili ya msichana huyu aliyesema kweli mbele yangu, nitangoja."

Kuanzia siku hiyo Kadii aliteka maji bombani bila kuambiwa. Alimweleza mwalimu wa michezo kwamba hataweza mazoezi ya asubuhi, na nafasi yake katika timu akapewa mwingine. Iliuma. Hata hivyo, kila asubuhi ndoo zilikuwa nne: mbili za samadi, mbili za maji safi.

Siku ya ishirini na nne, Kahaso alipokuja kukagua, Mapenzi aliwasha kiberiti. Pu! Moto wa buluu ukazunguka jiko lote. Kadii aliruka juu, Kahaso akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio. Sima iliiva mbele ya macho yao, na Mzee Nzai alikula sahani mbili.

"Kahaso," alisema akinawa mikono, "Jumatatu njoo upime uwanja wangu. Na usiniweke nyuma ya mtu yeyote!"

Majirani wale watatu nao wakajiandikisha. Kabla muhula haujaisha, Kahaso alikuwa ameitwa hadi vijiji vya mbali, na amewaajiri vijana wawili, Pola na Sanga, wa kuchimba mashimo na kuunga mabomba.

Likizo ilipofika, alimkaribisha Kadii kwa Mzee Nzai aone kazi inavyofanywa.

"Kazi hizi mpya zitahitaji watu wengi, na wewe unaweza kuwa mmoja wao," alimwambia. "Kufunga bomba nitakufundisha kwa siku moja. Lakini fundi akikosea akaficha, kosa lake huingia jikoni mwa watu. Akilisema mapema, hurekebishika. Hilo tayari umejifunza, Kadii, na umejifunza mbele ya watu. Haya, shika ncha ile ya kamba, tupime."

Kadii alishika kamba, akaivuta ikanyooka.